Kupima Umeme Nguzo ya Mwisho

Nyinyi vijana wa ofisini mmesema niwaandikie mambo ya kazi kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Shida yangu ni mkono, unaandika polepole, na shule yangu iliishia darasa la saba. Atakayekuta herufi imekosewa airekebishe mwenyewe, kimya kimya. Vyeo na mishahara sitaandika. Cheo nilichoanza nacho ndicho karibu nilichomaliza nacho, na mshahara wetu mnaujua, haujamnenepesha mtu. Nitaandika kupima.

Niliingia kama kibarua wa kufyeka chini ya laini. Tulikuwa wanawake wanne, tunaanzia Same mjini na kupandisha na nguzo kuelekea milimani, panga mkononi. Mume wangu alikuwa ameshafariki na mwanangu analelewa na bibi yake mzaa baba. Siku moja Fundi Zakaria, mpimaji wa ofisi yetu, akaja tulipokuwa tunafyeka. Msaidizi wake alikuwa mgonjwa, naye alitaka mtu wa kukaa na kifaa juma zima bila kulewa. Akawauliza wenzangu, "Kati yenu nani hanywi na hachekicheki?" Wote wakanielekezea mimi. Haikuwa sifa. Walikuwa wananisema.

Kesho yake nikafika ofisini alfajiri. Fundi Zakaria akanitazama juu mpaka chini.

"Gauni lako lina mfuko?"

"Halina."

"Kashone mfuko ndipo uje."

Nilidhani mzee ananitania. Nikasimama palepale.

"Umeme ukiingia mkono wa kulia ukatokea wa kushoto, umepita wapi?"

"Kifuani."

"Kifuani mwako kuna nini?"

"Moyo."

"Basi kashone mfuko."

Nyinyi mna suruali zenye mifuko sita na hamna mkono hata mmoja ndani yake. Waya mmoja wa kipimo una kibanio. Ubane kwanza, uachie. Wa pili ushike kwa mkono mmoja, na mkono uliobaki uufiche. Halafu pima kitu unachojua kina umeme, pima unachodhani hakina, rudi upime tena kile chenye umeme. Kipimo nacho kinakufa, na kikifa kinasema sifuri, sawasawa na waya uliozimwa. Nimewaona watu wazima wanaamini sifuri ya kipimo kibovu. Mmoja wao nilimsaidia kushuka nguzoni.

La mwisho alilonifundisha siku ile ni njia tatu. Kuna waya mwekundu, wa njano na wa buluu. Nyumba inatumia mmojawapo pamoja na nyutro, ule waya wa kurudishia umeme, basi. Mashine ya kusaga inatumia zote tatu, kwa hiyo hapo unapima waya kwa waya: mwekundu na njano, njano na buluu, buluu na mwekundu. Kijana mvivu anapima ya kwanza, mbili zilizobaki anazitunga, kwa sababu siku nyingi zinafanana. Siku zikiacha kufanana ndiyo siku ambayo motor ya mtu inaungua.

Mhandisi anasema voltiji. Mimi nilielewa kwa maji ya ndiva. Kwetu tunajenga bwawa dogo mlimani, maji yanajaa usiku, asubuhi yanafunguliwa mferejini. Shamba la kwanza yanafika kwa nguvu. Shamba la mwisho yanafika yamechoka, na wa juu wakifungulia wote kwa pamoja, wa mwisho anapata tope. Laini ya umeme ni hivyohivyo. Ukipima kwenye transfoma umempima wa kwanza, na yeye hana malalamiko. Nenda nguzo ya mwisho.

Sasa rekoda. Ilikuwa sanduku la ukubwa wa mkate, na waya zenye vibanio. Unaifunga nguzoni, inatazama umeme juma zima. Haiandiki kila kinachopita. Inakusanya dakika kumi, inatoa wastani, inaandika huo. Umeme ukishuka kidogo ukapanda, haina habari nao. Na kwa sababu waya zake ni shaba, na shaba ina wapenzi, ilibidi mtu akae nayo. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Hili la kukaa hamkufundishwa chuoni. Umeme ukiwa mzuri hawamwiti mpimaji. Ukiwa mbaya wanamwita, na akifika wanamtazama kama ndiye aliyeuharibu. Gonja nilikaa juma zima jirani na kibanda cha chai. Siku ya kwanza mwenye kibanda alinichangamkia. Siku ya tatu aliniona kama sehemu ya nguzo. Huko tambarare mama mmoja wa Kimaasai alikuja akaketi nami mchana mzima. Kiswahili chake kilikuwa kidogo na mimi Kimaa sina, kwa hiyo tulitazama mbuzi. Alipoinuka kuondoka nilitamani nimwambie abaki, sikuwa na neno lake. Juma likiisha nafungua vibanio, naingia kwenye gari, narudi chumbani kwangu Same ambako kufuli lilikuwa palepale nilipoliacha. Miaka yangu mingi ilikwenda hivyo.

Nyumbani nilikozaliwa nilikuwa nimebakiwa na mtu mmoja, dada yangu Namkunda. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa mdogo, na dada ndiye aliyenilea. Kwetu ni juu ya Suji, kitongoji cha mwisho kabla ya msitu. Umeme ulipofika kule barabara ya gari haikuwepo, kwa hiyo nguzo zilibebwa mabegani kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kaya zote, wanawake tukiwafuata na makande. Watu waliobeba nguzo kwa mabega yao hawauchukulii umeme kama nyinyi mnavyouchukulia. Dada akauza tangawizi ya misimu kadhaa, akanunua mashine ya kusaga, akaiweka kwenye banda karibu na nguzo ya mwisho kabisa. Ndiyo ilikuwa kazi yake na heshima yake. Hakuwa na mtoto.

Mashine ilianza vizuri. Kisha watu wakaongeza mataa, pasi, televisheni, saluni ya kunyolea, na umeme ukaanza kufika mdogo. Dada akanipigia simu.

"Wewe si ndiye mwenye umeme? Mashine yangu inaguna kama ng'ombe mgonjwa."

"Umeme si wangu, dada."

"Wa nani basi? Kofia unayo."

Nikapeleka malalamiko ofisini kama ya mteja yeyote. Fundi Zakaria hakupenda niende mimi. "Usipime kwenu," alisema. "Ukipata namba mbaya watasema umependelea. Ukipata nzuri, kwenu watasema umewasaliti." Lakini magoti yake yalikuwa yamekataa mlima, na hapakuwa na mwingine. Nikapanda.

Ndilo juma pekee la kazi ambalo sikukaa peke yangu. Nilifunga rekoda nguzo ya mwisho na kila aliyepita alisimama. Shikamoo zilinijia toka asubuhi. Waliniletea makande, ndizi, kiti cha kuegemea. Usiku nililala chumba cha baba, dada akinisimulia habari za waliooa na waliokufa. Mashine aliifunga. "Natengeneza mikanda," akasema. Jioni niliona nyumba nyingi za upande wa juu ziko giza, na kesho yake za upande wa chini. Namba za rekoda zilikuwa safi, karibu volti mia nne waya kwa waya, kama inavyotakiwa, njia zote tatu. Nilifungua vibanio nikashuka.

Mhandisi alizisoma namba akajibu sawasawa na namba: umeme wa kitongoji kile unatosha, transfoma ya pili haihitajiki. Hata mimi ningejibu hivyo.

Habari zilipofika mlimani, dada akapiga simu tena.

"Umeandika nini?"

"Kifaa kilichosoma."

"Umeandika umeme wetu ni mzuri."

"Ulikuwa mzuri."

Dada akasema, "Panda uje uyaseme hayo mbele ya watu."

Nikapanda Jumapili, watu wametoka kanisani wamekaa kwenye baraza ya banda la mashine. Aliyesimama kuongea alikuwa Mzee Elieza, mgawa maji wa ndiva yetu, mtu ambaye neno lake kuhusu zamu halipingwi.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulikusaidia, halafu wewe umetuandika vibaya."

"Mlinisaidia nini, baba?"

"Tulisikia kile kifaa kinamtafuta anayevuta umeme mwingi, ili akatwe. Sasa hapa kwetu anayevuta mwingi ni nani?"

Watu wote wakageuka kuitazama mashine.

"Basi tukafanya kama maji. Leo wanawasha wa juu, kesho wa chini, mashine inalala. Tulisema mtoto wetu asije akalazimika kumkata dada yake."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Tungekuambia ungelazimika kuandika. Tunakujua."

Kijana mmoja wa bodaboda akaingilia. "Na wewe Bibi Umeme, juma zima unaona nusu ya watu wako giza, hukushangaa?"

"Nilidhani mnabania luku," nikasema. "Wapare na hela tunajuana."

Watu wakacheka mpaka Mzee Elieza akapangusa macho. Dada yangu hakucheka. Alikuwa amekaa mlangoni mwa banda, kanga kichwani.

"Sasa inakuwaje?" akauliza.

"Ipimwe tena. Kila mtu awashe vyake vyote, na mashine isage."

"Ikiungua?"

"Inaweza kuungua."

"Inaweza, au itaungua?"

Nilijua fundi wa pale alikuwa amekifunga kwa waya, kisifanye kazi, kile kifaa kinachozima motor ikizidiwa, kwa sababu kilikuwa kinazima kila mara na wateja wanalalamika. Ni kosa ambalo mtalikuta kila kona ya nchi hii. Likifanyika, motor haina wa kuiokoa.

"Tutoe ule waya kwanza," nikasema. "Ikizidiwa itajizima yenyewe."

"Wewe ulinieleza kifaa chako kinahesabu dakika kumi kumi."

"Ndiyo."

"Mashine ikijizima katikati, kitaandika nini?"

"Kitachanganya ubaya na uzuri. Itaonekana nafuu."

"Watakubali?"

Nikatikisa kichwa. Akainuka akakung'uta kanga. "Waya ubaki. Jumamosi jioni, watu wanasaga unga wa Jumapili. Njoo na sanduku lako." Nikamwambia, mbele ya wote, kwamba itaungua. Akasema amesikia, yeye si kiziwi.

Jumamosi ile ilikuwa kama sikukuu. Jua halijazama, kila nyumba imewasha. Wanawake wanapiga pasi nguo ambazo zilikwishapigwa. Kijana wa saluni alikuwa ananyoa kichwa kisicho na nywele. Watu waliozoea kuachiana zamu walikuwa wanawasha wote kwa pamoja, na niliona wanaona raha na aibu kwa wakati mmoja. Mimi niko nguzoni, macho kwenye rekoda. Namba ilikuwa inateremka taratibu, kama maji mferejini wakati wa juu wanapofungulia. Dada akawasha mashine.

Namba ikaanguka chini ya mia tatu. Mataa ya kitongoji kizima yakawa rangi ya mkaa unaokaribia kuzima. Mashine ikaguna, ikashika, ikaanza kusaga kwa shida.

"Dada, zima," nikaita.

"Dakika zimetimia?"

"Bado."

"Basi tazama kazi yako."

Nikaacha nguzo nikaenda mlangoni. Amefunga kwa ndani. Kupitia dirishani nilimwona anamimina mahindi kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa, ili isikabwe ikasimama. Harufu ya vanishi ya motor ilikuwa imeshaanza. Atakayeinusa mara moja hataisahau, ni kama sukari inayoungua pamoja na nywele. Nikagonga. Nikamwita kwa jina lake, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani, yeye ni mkubwa wangu. Akanitazama kupitia kwenye vumbi la unga, akarudi kumimina.

Dakika kumi za kwanza zikaandikwa. Zikaandikwa za pili. Za tatu zilikuwa zinaelekea kutimia mashine ilipopiga mlio mmoja mzito ikanyamaza.

Mashine ilipokufa, mzigo ukapungua kwenye laini, na mataa yote ya kitongoji yakapanda mwanga kwa pamoja. Watoto wakashangilia. Walidhani umeme umetengenezwa.

Dada akatoka, nyusi nyeupe kwa unga.

"Zimetosha?"

"Zimetosha."

Akaingia tena ndani, akafagia unga wote akaufunga kwenye mfuko wa mwenye mahindi, akafunga mlango wa banda. Usiku ule hakunisimulia habari za mtu.

Safari hii mhandisi hakuwa na la kuuliza. Namba zilikubaliwa, lakini kukubaliwa kuna foleni yake. Mvua za vuli zikapita, na za masika. Transfoma ya pili ilipopandishwa, mpwa wa Mzee Elieza alikuwa ameshaleta mashine mpya, na umeme wa kuiendesha ulikuwepo. Tangawizi ya dada mwaka ule ilioza ardhini, na fedha ya motor nyingine haikupatikana. Alisema yeye ni mzee sasa, kelele za mashine zinamchosha. Bandani akaweka kuni.

Hajaniambia neno baya mpaka leo. Heri angenisema. Nilipopanda Krismasi ile alinipokea mzigo, akanikaribisha sebuleni, akanitolea chai kwenye vikombe vya kabatini, vile anavyomtolea mchungaji. Zamani nilikuwa nachota mwenyewe jikoni kwa kikombe cha bati. Aliniuliza habari za safari na habari za kazi. Nikajibu nzuri. Toka hapo imekuwa hivyo kila mwaka.

Kazi nayo ikageuka, mnajua, nyinyi ndio mlioigeuza. Siku hizi mita zinajipima na kutuma namba zenyewe mpaka ofisini, njia zote tatu, hakuna wa kukaa chini ya nguzo. Sina ugomvi nalo. Mmoja wenu alinionyesha kwenye kioo cha kompyuta transfoma ya kwetu. "Bibi, kwenu mko vizuri kabisa," akasema. Ilikuwa kweli.

Ila kile kioo hakiwezi kuwaonyesha aliyezima ili mwenzake awashe. Mkikuta namba nzuri mahali ambapo watu walilalamika, msifurahi haraka. Pandeni. Ulizeni nani amekaa giza, na msimuulize mbele ya watu. Mimi sikuuliza, kwa sababu sikujua kama kuna la kuuliza. Nyinyi mmeshaambiwa.

Nilipostaafu, nilifunga chumba cha Same nikapanda Suji kumwona dada. Nilikuwa nimekusudia kumwomba nirudi kukaa naye. Nilifika jioni. Kitongoji kizima kilikuwa kinawaka, mpaka nyumba ya chini kabisa karibu na mfereji. Nyumba yetu ilikuwa giza. Nikapiga hodi, akaniitikia. Nikamkuta sebuleni amekaa kwenye kiti cha baba.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Karibu. Shika ukuta usijikwae."

"Luku imekwisha?"

"Ipo."

"Taa imeungua?"

"Nzima. Saa hizi watu wanapika, watoto wanasoma. Nawaachia. Nitawasha baadaye."

"Dada, siku hizi umeme unatosha. Hakuna haja ya kuachiana."

"Najua. Transfoma naiona kila nikienda kanisani."

Nikakaa. Nikamwambia nimemaliza kazi, na kwamba ningependa kurudi nyumbani nikae naye. Sikuweza kuuona uso wake.

"Chumba cha baba kipo," akasema. "Mgeni hafukuzwi."

Swichi ilikuwa ukutani nyuma ya bega langu. Sikuiwasha. Tulikaa hivyo, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye changu, tukisikiliza mashine ya mpwa wa Mzee Elieza ikisaga vizuri, bila kuguna, mpaka walipoizima.